Kidole cha Nne

Sarafu ilidondoka tena kutoka mgongoni mwa kiganja cha Tuuli, ikabingirika juu ya meza ya jikoni na kugota kwenye sahani ya siagi.

"Kidole cha nne hicho," akasema Marja, mama yake. "Kimerithi uvivu wa wajomba zako. Rudia."

Tuuli, msichana wa miaka kumi na miwili, aliirudisha sarafu mahali pake, akakunja vidole kama aliyeshika yai, akaanza upya kugonga ubao wa meza: moja, mbili, tatu, nne, tano, kisha kurudi. Lilikuwa zoezi la kwanza la kitabu cha pili cha piano. Wenzake alioanza nao walikuwa wameshamaliza cha nne, na sasa walikuwa wakimsikitikia, jambo lililomuuma kuliko kuchekwa.

Piano yenyewe, ya umeme, ilikuwa sebuleni. Lakini baba yake alifanya kazi ya usiku katika kiwanda cha karatasi, mchana akilala, na nyumba za bei yao katika mji wa Thunder Bay, Kanada, kuta zake ni nyembamba. Basi mtoto alijizoeza mezani, au kwenye piano akiwa amevaa hedifoni. Miaka miwili Marja hakuwa amesikia hata wimbo mmoja. Kazi hiyo alimwachia mwalimu.

Mwalimu ni Bi Saarinen, aliyemfundisha Marja mwenyewe na nusu ya Wafini wa mtaa ule. Fomu ya kumwombea Tuuli nafasi katika shule ya sanaa ilitaka sahihi yake, na siku ya mwisho ilikuwa Ijumaa. Alikwisha kukataa mara mbili. Bila sahihi hakuna usaili, na bila usaili nafasi inakwenda kwa mtoto wa mwingine. Marja alikuwa ameapa kwamba mwalimu akikataa mara ya tatu, piano inauzwa na habari ya muziki inakwisha.

"Hanisikilizi, mama," Tuuli akasema.

"Mwanafunzi ndiye anayemsikiliza mwalimu. Tangu lini ikawa kinyume?"

"Anavikodolea macho vidole tu. Halafu ile piano yake, noti ya do ya katikati inalia kama kopo. Nikimwambia, ananiambia niache visingizio."

"Ulimwambia huku unatafuna ubani?"

Siku hizi Bi Saarinen hakutaka mtu atafune mbele yake, wala azungumze naye ameinamisha kichwa. Ukiwa na neno, unamtazama usoni na kulitamka lote. Enzi za Marja hakuwa mkali hivyo, lakini watoto wa enzi zile, Marja alijiambia, walikuja na adabu kutoka kwao.

"Labda hajui tena kufundisha," mtoto akanong'ona.

Marja akapiga meza kwa kofi. "Usimvunjie heshima mwalimu wangu ndani ya nyumba yangu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Wewe hutaki kuinama."

Msichana alijifuta machozi kwa mkono wa sweta na kuendelea kugonga meza. Marja alimwonea huruma, akajuta, ila hakusema. Aliogopa kwamba akilegea yeye, kidole nacho kitalegea.

Usiku wa kuamkia Ijumaa, mabomba ya maji yaliganda na kupasuka nyumbani kwa Bi Saarinen. Simu yake alikuwa hashiki, tabia aliyoianza tangu alipofiwa na mumewe, hivyo Marja alimpelekea kikaratasi mlangoni: somo lifanyike kwetu, nitakuja kukuchukua kwa gari. Baba mtu alitolewa kitandani, akaenda kulala kwa kaka yake huku akinung'unika, ili kwa mara ya kwanza piano ipigwe kwa sauti.

Saa kumi alasiri mwalimu aliketi sebuleni kando ya Tuuli, fomu mapajani. Marja alitaka kukaa nao, akaondolewa kwa upole. "Mzazi akiwepo vidole vinaogopa," Bi Saarinen alisema. "Nenda jikoni."

Marja akaenda jikoni, akafunga mlango. Alizima redio, akazima na feni ya jiko, akakaa mikono kifuani, tayari kumsikia mwanawe.

Hakusikia kitu. Zikapita dakika tano, kisha kumi. Hakuna muziki, hakuna hata sauti ya kukaripia. Alipotega sikio vizuri ndipo aliposikia mgoto hafifu, tu, tu, tu, tu, kama vidole juu ya ubao.

Mtoto amerudishwa kugonga ubao, siku ya mwisho, kwa zoezi la mwanzo kabisa. Kwa hiyo hafai, na mwalimu haoni hata haja ya kumpa piano aijaribu. Marja alijilaumu kwa miaka ile miwili, akamlaumu na mtoto, akaanza kufikiria atakavyoandika tangazo la kuiuza. Kisha akamimina kahawa, akakata mkate wa iliki, akabeba sinia ili apate kisingizio cha kuingia.

Alisukuma mlango kwa kiwiko.

Fomu ilikuwa imekwisha kutiwa sahihi. Vidole vya Tuuli havikuwa juu ya ubao, vilikuwa vikipanda na kushuka juu ya piano, na waya wa hedifoni ulikuwa umechomekwa ubavuni mwa piano, hedifoni zenyewe zimelala zuliani, na chumbani hakikusikika chochote ila vidole. Mtoto hakuwa akitazama vidole. Alikuwa akimtazama mama yake.

"Njoo, Marja, njoo usikie," akasema Bi Saarinen, machozi yakimlengalenga. "Miaka miwili nimekuwa nikiingoja sauti hii."