Uji wa Mama Fuko na Safari za Tembo

Basi, alikuwako Mama Fuko, mpika uji asiyetoka shimoni hata kwa dawa. Wateja wake walikuwa madundu wanaobingirisha mavi ya tembo. Ghafla wakaacha kuja, uji ukawa unalala. Fuko akamgeukia wifi yake Kanga, mzururaji.

"Umbea wako umenifukuzia wateja! Fungasha, uniondokee!"

"Wifi, tembo wamehamia bondeni kufuata maji. Bila mavi madundu hawana kibarua. Watanunulia nini uji?"

"Mimi na haja ya tembo wapi na wapi?"

"Nenda kanuse."

Akaenda bondeni shingo upande, chungu kichwani. Kabla hajakitua, madundu wakamzunguka: "Mama uji, ulipotelea wapi?"

Siku hizi Fuko hawashi moto kabla hajaita, "Wifi yangu kipenzi, tembo wameamkia wapi leo?"