Alama Chini ya Kilemba

Tangu asubuhi mashabiki walikuwa wakibishana kwenye simu, na Adoyo alisoma kila neno. Shujaa wa katuni anayochora mumewe ni mwanamke wa kilemba, hushika chuma cha moto kwa vidole vitupu.

"Ngozi yake ni ya mamba," mmoja aliandika.

"Huyu hana damu, ako na mafuta ya gari!"

Adoyo akasonya. Alimjua mwanamke wa hivyo. Yuko hapo chini getini, hugeuza chapati kwa vidole, na kilemba hakimtoki kichwani, jua liwake, mvua inyeshe. Haya, mchoraji ameiga jirani. Kuna ubaya gani?

Kisha shabiki akauliza: "Na lile doa chini ya kilemba, nguvu zinatoka hapo?"

Mumewe alikuwa amejibu: "Wapi! Hiyo ni alama ya kuzaliwa tu, nyuma ya sikio. Laini kama shavu la mtoto."

Adoyo alilisoma neno "laini" mara tatu. Akachukua sahani, akashuka ngazi.

"Ngapi leo, jirani?" aliuliza mwanamke wa chapati.

"Mbili. Na nyuma ya sikio lako kuna nini?"

Vile vidole visivyoogopa moto vikaruka kushika kilemba.