Umri wa Tunu

Enzi hizo ruhusa ya mzazi ilitolewa na simu peke yake. Neno la mdomo halikuhesabiwa. Kombo, fundi wa programu, aliiandika ruhusa ya bintiye Tunu mapema: akiomba ruhusa, simu itazame umri wake, ijibu. Ila umri aliuweka wa siku ile, miaka saba, badala ya kuiacha simu iuulize siku ya kuombwa. Na ruhusa ikishasajiliwa haifunguliwi tena kurekebishwa.

Sasa Tunu alikuwa na miaka ishirini na tisa. Alikaa mkekani mbele ya baba yake, hina mbichi mikononi.

"Baba, naomba ruhusa yako niolewe."

Kombo akafungua mdomo, lakini simu ikamtangulia, kwa sauti ya Kombo mwenyewe ya ujanani, iliyojaa mapenzi:

"Bado mdogo, mwanangu. Nenda kacheze."

Tunu akainuka, akaenda bombani kunawa hina.