Ng'onda Juu ya Bomba la Tunu

Sheria ya zama hizo ilikuwa moja: ukiandika bomba la chuma libebe presha kiasi gani, bomba hilo linapitishwa sebuleni kwako. Wahandisi waliacha ghafla kufanyia hesabu mzaha, kama watoto waliomwona mwalimu mlangoni.

Mhandisi Tunu aliliandikia lake presha ya arobaini. Katika unene wa chuma alikuwa ametenga milimita tatu ziliwe na kutu kwa miaka thelathini. Leo, mwaka wa tano, kituo cha gesi kilikuwa kikipandisha presha kufika arobaini kamili kwa mara ya kwanza.

Akamkuta mama mkwe wake, Bi Siwatu, sebuleni akianua ng'onda kutoka juu ya bomba.

"Mama, tangu lini unaanika samaki wa chumvi hapa?"

"Tangu tuhamie. Lina vuguvugu zuri, tena paka hafiki!"

Tunu alilikwaruza bomba kwa ukucha pale samaki walipolala. Gamba la kutu ya chumvi likabanduka, nene kama sarafu. Akapiga simu kituoni washushe presha.

"Namba tutaishusha," wakamjibu, "ila aliyeiandika akae ameliegemea bomba mpaka gesi ipungue. Ndiyo sheria. Itachukua saa moja hivi."

"Mama, toka nje, uende mbali," Tunu akasema, akaketi na kuegemeza mgongo. Chuma kilinguruma mbavuni mwake.

Bi Siwatu alitoka. Punde akarudi na mto na chupa ya chai.

"Sogea huko. Hesabu ni zako, samaki ni wangu."

Wakakaa bega kwa bega, wakisikiliza. Chai hakuna aliyeimimina.