Mkaguzi wa Mashati

Daktari aliweka picha mezani. Vijiti vyeusi vilikuwa vimekatwa kwa mkasi na kubandikwa viwili viwili, kama soksi. Somoe, mkaguzi wa mashati kiwandani kwa miaka ishirini na mbili, aliona kasoro kabla hajaonyeshwa. Penye jozi ya tatu palikuwa na vijiti vinne. Penye ya kumi palikuwa na kimoja, tena kimevunjika.

"Hizi ni kromosomu za seli moja ya uvimbe wako, mama," daktari alisema. "Seli iliyo jirani nayo ina hesabu nyingine kabisa."

"Na mkaguzi wake? Kwangu mimi shati la mikono mitatu halivuki mlango."

"Alikuwapo. Ni jeni inayosimamisha kazi ikiona kosa. Tunazaliwa na nakala zake mbili, moja ya baba, moja ya mama. Kwenye uvimbe wako zote zimeharibika, ndiyo maana makosa yanapita."

"Tangu lini?"

"Moja iliharibikia humo kwenye uvimbe. Nyingine ulizaliwa nayo ikiwa mbovu."

"Na mwanangu nilimpa ipi?"

"Hatujui, mpaka tumpime."

Nje, Riziki alinyanyuka kwenye benchi. "Wamesemaje, mama?"

Somoe alimvuta karibu kama anayetaka kumkumbatia, na kidole gumba chake kikaanza kupita kwenye mshono wa kola ya bintiye, polepole, kutoka bega moja hadi jingine.

"Unatafuta nini?" Riziki aliuliza, huku akicheka.

Kidole kilifika mwisho wa mshono, kikarudi kuanza upya.