Ngege wa Bwire

Vifaranga vya ngege vilizidi kupungua tangini, na Bwire alimshuku jirani yake muuza samaki hapo mtaani Mbotela.

"Nawalea niwarudishe bwawani kwetu, wewe unawakaanga!"

"Nikaange vijisamaki kama njugu, mzee? Nimerogwa?"

Mama huyo muuza samaki akatumbukiza mkono tangini, akamtoa yule mkubwa ambaye Bwire alimsifu kila siku kwa kukua haraka. Akampasua tumbo. Vifaranga vitatu vikadondoka kiganjani mwake, magamba bado yaking'aa.

"Huyu ni mbuta. Ndiye aliyewamaliza ngege ziwani. Ulizoa vifaranga vyake pamoja na vya ngege?"

Jumamosi Bwire alikuwa amemwaga ndoo ya kwanza ya samaki bwawani kwao, na alikuwa amechagua wale wakubwa wakubwa.