Mtaalamu wa Nne

Kila mama aliyejifungua alivishwa bangili ya serikali. Ikiwaka kijani, ana raha. Ikiwaka nyekundu, anachukuliwa akapumzike mwezi mzima, mtoto anabaki. Bi Salme, mkurugenzi wa shirika la kuwaliwaza wazazi wapya pale Muheza, alikuwa anaunda jopo la washauri. Maprofesa watatu alishawapata. Alibakiza nafasi ya mama mmoja.

Akaingia Asnath, amebeba kichanga cha siku kumi na tisa, mwenyewe analia kwa kwikwi.

"Huyu yuko sawa," profesa mmoja akasema, macho kwenye kishikwambi chake. "Bangili yake inasoma kijani."

"Bangili yangu kavaa mbuzi, baba," Asnath akajibu. "Mtaa mzima tumewavisha mbuzi."

Salme akakumbuka ripoti yake iliyousifu mtaa huo kwa furaha ya mama zake. Akacheka mpaka akashika mbavu, kisha akaliandika jina la Asnath juu ya maprofesa wote.

"Na hao mbuzi hawajawahi kuwaka nyekundu?" Salme akauliza.

"Mara moja tu, Bibi, wenzao walipoanza kuchinjwa kwa ajili ya Idi ya mwaka jana. Wiki hiyo walichukuliwa jirani zangu sita. Mpaka leo wawili ndio wamerudi."